Daktari Aliyefukuza Magari

Mwaka 1999 daktari Miguel Anxo Fernández Lores alichukua umeya wa Pontevedra, mji mdogo wa Galicia, Uhispania. Hakungoja. Muda si muda magari yakafungiwa nje ya mji mkongwe, vichochoro wakaachiwa waendao kwa miguu. Wenye maduka wakateta: mteja atafikaje bila gari? Akafika tu, tena akapata nafasi ya kusimama na kupiga stori.

Kelele za barabara meya huzisikia leo; kura huja baada ya miaka minne. Lores alirudishwa 2003, 2007, 2011, 2015, hata 2019. Lakini 2023, wapinzani wa PP walimshinda kwa kura. Ikabidi abebwe na Wasoshalisti ndipo abaki ofisini.