Misitu ya jadi ya Wazigua

Misitu ya jadi ya Wazigua ni vipande vya msitu vinavyotunzwa na koo katika nyanda za Handeni, mkoani Tanga. Mingi ni midogo, lakini ndimo mlimo na makaburi ya wahenga, mahali pa tambiko na pa jando. Kukata mti humo ni mwiko. Mvunjaji hujibu mbele ya wazee wa ukoo. Ndiyo maana miti mikubwa imesalia humo huku pori la jirani likigeuka mashamba na mkaa.

Mtafiti Jussi Ylhäisi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliichunguza kwa miaka mingi na kuwasilisha tasnifu yake mwaka 2006. Hata hivyo, walinzi hasa wa misitu hiyo ni wazawa ambao majina yao hayamo vitabuni, nao wanastahili heshima ileile wapewayo wahifadhi wenye mishahara. Ulinzi wao unaweza pia kutambuliwa rasmi, kwani Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu vijiji na vikundi vya wananchi kumiliki na kusimamia misitu yao kisheria.