Mama Mwenye Nyumba Alivyogeuzwa Kirukanjia

Mwaka 1615, Gervase Markham alichapisha London kitabu kiitwacho The English Huswife. Humo mama mwenye nyumba anatakiwa ajue kutibu homa na vidonda, kupika na kuandaa karamu, kutengeneza siagi na jibini, kusokota sufu na kitani, kutia nguo rangi, kupika pombe ya shayiri na kuoka mikate ya watu wote wa nyumbani. Mtu wa namna hiyo ni mganga, fundi na msimamizi kwa pamoja, na watumishi wako chini yake. Huswife lilikuwa jina la heshima kiasi cha kuwekwa juu ya jalada.

Jina hilohilo ndilo lililozaa hussy, tusi ambalo Waingereza wa leo wanaliona la kizamani, la kumwita mwanamke mwenye mapepe na macho makavu, anayejirahisi kwa wanaume. Wazee wetu wangesema kirukanjia.

Asili yake ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale: hus, yaani nyumba, na wif, ambalo wakati huo lilimaanisha mwanamke yeyote, aliyeolewa na asiyeolewa. Mwanzoni mwa karne ya 13 tayari yalikuwa yameungana katika maandishi. Karne zilipopita, hus peke yake ikageuka kuwa house, lakini ndani ya neno lile refu irabu ilikuwa imeshafupishwa, ikabaki fupi. Sauti ya w ikamezwa, watu wakasema kitu kama “huzif”, kisha f nayo ikadondoka. Hussy ilipoanza kuandikwa, katika karne ya 16, ilikuwa ni mama mwenye nyumba tu, kwa matamshi ya mkato. Hapakuwa na tusi ndani yake.

Tusi lilikuja taratibu, na kwa muda mrefu heshima na dharau zilikaa katika neno moja. Katika tamthilia ya Othello, iliyoandikwa yapata 1604, Iago analitumia neno huswife kumchafua Bianca, mwanamke wa Cyprus anayempenda Cassio. Markham alitoa kitabu chake baada ya hapo, na hakuona haya kuliweka jina hilo jaladani.

Kwa nini lilishuka? Naamini jibu limo katika kuangalia nani alikuwa akimwambia nani. Jina la heshima likitamkwa kwa hasira hukwaruza. Hata sisi, mtu akisimama sokoni akasema “Bibi wewe!”, kila aliye karibu anajua ugomvi umeanza, ingawa bibi ni neno tunalowaitia wazaa wazazi wetu. Bwana alimwita hussy kijakazi wake, mzazi akamwita hivyo binti yake, mpaka likazoeleka kuwa neno la mkubwa kumkemea mwanamke aliye chini yake.

Tazama waliotupiwa. Katika The Beggar's Opera ya John Gay, iliyoonyeshwa London mwaka 1728, Polly Peachum anaitwa hussy na mama yake mzazi. Kosa lake ni kuolewa kwa siri bila idhini ya wazazi. Miaka 12 baadaye ikatoka riwaya ya Samuel Richardson, Pamela. Pamela ni mtumishi wa miaka 15, na bwana wa nyumba anamwandama kwa hila na kwa nguvu. Binti anakataa, anaandika barua kwa wazazi wake, anakataa tena. Na bwana yule anayemwinda ndiye anayemwita hussy. Hapo ndipo neno hili linaponiuma, maana aliyekosa haya yuko wazi, na jina la ukosefu wa haya linabandikwa kwa msichana anayejilinda.

Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, talaka ilikuwa imekamilika. Aliwaeleza wasomaji kwamba housewife hutumika kwa wema, na huswife na hussy kwa ubaya. Wenye nyumba walikuwa wameliunda upya jina lao, wakalitamka kikamilifu ili wasifananishwe na lile lililochafuka. Matamshi ya zamani yalibaki salama mahali pamoja: kikoba cha sindano, uzi na vifungo, ambacho askari wa Uingereza waliendelea kupewa hata katika Vita vya Pili vya Dunia. Kiliandikwa housewife, kikatamkwa “hazif”.

Sasa mweke mwanamume kando ya mama mwenye nyumba. Husband nalo limetoka kwenye hus ileile, pamoja na neno la watu wa Skandinavia lenye maana ya mkaazi mwenye mji wake. Irabu yake ilifupishwa vilevile. Thomas Tusser, katika kitabu chake cha mashairi ya kilimo cha mwaka 1573, aliziweka kazi za mume na za mke pamoja katika jina moja la kitabu. Husband hajawahi kuwa mhuni. Aliendelea kuwa mume, na pia mtu mwenye kutunza mali kwa busara. Master amebaki bwana, ilhali mistress amekuwa hawara. Sir anaheshimika hadi leo, ilhali madam aliwahi kushushwa akawa mwenye danguro. Mwaka 1975 mwanaisimu Muriel Schulz aliandika makala kuhusu mteremko huu wa maneno ya wanawake. Ukisoma mifano yake huwezi tena kusema ni bahati mbaya ya neno moja.

Kiswahili nacho kimo safarini. Dada ni neno la nyumbani, la kumwita aliyetutangulia kuzaliwa na hata mwanamke tusiyemjua tunayetaka kumstahi. Katika Dar es Salaam ya leo “dada poa” ni mwanamke anayeuza mwili, na magazeti yanaliandika hivyo bila kusita. Dada mwenyewe bado ana heshima yake, kwa sababu uchafu umebebwa na lile poa. Lakini hussy na huswife pia ziliishi hivyo, jirani na jirani, kwa zaidi ya miaka 100 kabla Johnson hajaandika kamusi yake.