Maudhui ya mchezo wa video huamua soko lake

KATIKA vyumba vya kuchezea michezo ya video mijini, kutoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru, maudhui yanayovuta wateja zaidi ni kandanda.

Ubora wa picha hauelezi yote. Mteja hulipia kila mechi, nayo mechi huchukua dakika chache tu, wawili wakishindana huku wengine wakingoja zamu. Mchezo wenye hadithi ndefu humkalisha mtu mmoja saa nyingi. Hata ukiwa bora kiasi gani, mwenye chumba hupata hasara.

Aidha, shabiki wa Arsenal au Manchester United hahitaji kufunzwa kanuni wala majina ya wachezaji. Televisheni ilimfunza zamani.

Nguvu ya maudhui ilidhihirika mwaka wa 2023. Kampuni ya Marekani ya EA, iliyotoa mchezo wake wa kwanza wa FIFA mnamo 1993, iliacha jina hilo na kuuita mpya EA Sports FC 24. Katika majuma manne ya kwanza, akaunti zaidi ya milioni 14 zilikuwa zikiutumia.

Wabunifu wa Kenya nao wamejaribu maudhui ya nyumbani. Nairobi X wa mwaka wa 2015 ulihusu vita dhidi ya wavamizi kutoka anga za juu. Ma3Racer, wa simu, ulihusu matatu. Matatu yanajulikana na kila abiria wa barabara ya Embu-Meru, lakini mchezo wa simu huchezewa mfukoni mwa mtu, si chumbani ambako shilingi hulipwa.