Mgonjwa Haulizwi Uji

Mgonjwa haulizwi uji, hupikiwa, akanyweshwa. Methali hii twaijua sote wa pwani. Lakini historia ya matibabu Tanzania ni historia ya mgonjwa aliyewahi kupikiwa, kisha akaanza kuulizwa. Na aliyekosa jibu akajifunza kungoja hata maradhi yenyewe yamsemee.

Tuitazame Nyarugusu: ile ya Geita, si kambi ya wakimbizi ya Kigoma. Ni nchi ya dhahabu tangu Wajerumani walipoigundua Geita mwaka 1898. Mchimbaji mdogo hana mshahara. Hushuka duarani, na ujira wake ni fungu la mawe. Hayo husagwa kwa karasha, yakaoshwa, yakatiwa zebaki, ndipo ajue kama kapata au kakosa. Vumbi limo kifuani mwake kila siku. Fedha imo mfukoni mwake siku chache tu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilieneza zahanati vijijini na kutibu bila malipo. Mwaka 1977 hata hospitali za kutafuta faida zilipigwa marufuku. Kisha dhiki ya miaka ya 1980 ikaacha makabati ya dawa matupu. Mwaka 1991 hospitali za binafsi zikarejea, na mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama katika hospitali kubwa za serikali, ukateremka ngazi kwa ngazi. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewa. Fukara naye alisamehewa, ila kwa kuthibitisha ufukara wake mbele ya uongozi wa kijiji. Mchimbaji aliyehamia juzi, nani amshuhudie?

Ikaja bima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukapata sheria mwaka 2001. Ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilitakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Si nyingi kwa mwenye mshahara. Kwa anayengoja mawe yaseme, kulipia leo homa ya mwezi ujao ni anasa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeurithi mtihani huo huo.

Basi mchimbaji hununua vidonge viwili dukani, akarudi duarani. Kikohozi kikageuka damu, homa ikageuka kifafa. Hapo wenzake humbeba, daftari la michango likafunguliwa, naye daktari hampimi mkoba aliyezimia. Daftari hilo halifunguliwi kwa kikohozi. Huu si ujinga wa maskini, kama wanavyodhani wanaomlaumu kwa kuchelewa. Ni hesabu: ameona kwamba udhaifu mdogo hutozwa, na hatari kubwa huhurumiwa. Naye hulipia hesabu hiyo kwa mwili wake, na serikali huilipia kwa vitanda na damu, zaidi ya bei ya uji ule wa mwanzo.