Safari: neno letu lililorudi na maana nyingine

Leo tuliangalie neno moja la Kiingereza tunalolijua sote: safari. Asili yake ni Kiarabu, safar. Sisi wa pwani tukalifanya Kiswahili, na Waingereza wakalichukua kwetu katika karne ya 19, enzi za misafara ya kwenda bara. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alishuka Mombasa kuja kuwinda, na magazeti yakalieneza neno hilo. Tangu hapo Mzungu akisikia safari anaona simba na mahema. Mwaka 2003 Apple nao wakakiita hivyo kivinjari chao, nembo yake dira.

Lakini huku Adu, Magarini, mama anayepanda matatu kwenda hospitali Malindi yuko safarini. Mwanafunzi na mchuuzi vilevile. Ndiyo maana nikitengeneza programu ya Kiswahili, kitufe cha kukata tiketi nakiandika "Safari", bila picha ya twiga. Tukiziachia kompyuta maana ya Kiingereza peke yake, siku moja zitamuuliza yule mama anakwenda kuona wanyama gani.