Homugadi na mtu wa msituni walikuwa rika moja

Uzi wa leo ni wa lile tusi linalorudi kila siasa za Mlima Kenya zikipamba moto. Mtu anapanda jukwaani, anamnyooshea mpinzani wake kidole: "Huyu ni mjukuu wa homugadi!" Mpinzani naye anaapa kwamba babu yake alilala msitu wa Nyandarua akila mizizi. Halafu sisi huku mtandaoni tunashika zamu usiku kucha, kana kwamba mwaka wa 1953 kulikuwa na makabila mawili, moja la mashujaa na jingine la wasaliti.

Hakukuwa na makabila mawili. Walikuwa watu waliotahiriwa asubuhi moja, kando ya mto mmoja.

Kwa wasiojua, rika kwa Wakikuyu halikuwa kundi la marafiki tu. Mlioingia jandoni pamoja mlivumilia maumivu pamoja, mkapona pamoja, na tangu siku hiyo mwenzako alikuwa karibu sawa na ndugu wa tumbo moja. Ulikula kwa mama yake kama unavyokula kwenu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kulikuwa na kundi Nairobi lililojiita Anake a 40, yaani vijana wa 40, kwa sababu ya mwaka wa rika lao. Wengi wao walikuwa wametoka jeshini, na ni watu wa aina hiyo waliosaidia kukisambaza kiapo mjini. Sasa jiulize kwa nini kiapo kilienea haraka vile. Aliyekuja kukuita usiku hakuwa mgeni. Alikuwa rika lako. Utamwambiaje hapana?

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia hapo mtu wa kawaida wa Nyeri, Murang'a au Kiambu alikuwa na watawala wawili. Mchana walikuja wanajeshi na chifu, usiku wakaja watu wa msituni, na kila upande ulitaka jibu. Ukikataa kiapo ungeweza kunyongwa kwa kamba. Kuna Wakristo wa uamsho waliouawa kwa sababu walisema hawawezi kuonja damu nyingine baada ya damu ya Yesu. Ukila kiapo na serikali ikajua, ulikwenda kizuizini. Ukikamatwa na bunduki, au hata risasi moja mfukoni, sheria ya Hali ya Hatari iliruhusu unyongwe. Hadi vita vinaisha watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa kwa amri ya mahakama, na hao ni wale waliofikishwa mahakamani tu.

Homugadi walitambuliwa rasmi na serikali mwaka wa 1953, na kufikia 1954 walikuwa zaidi ya 20,000. Watu waliwaita kamatimu, jina lenye mkuki ndani yake, kwa sababu mwanzoni wengi hawakupewa bunduki. Waliingiaje? Hapa ndipo tusi la jukwaani linapoanza kuyumba. Wengine waliingia kwa sababu walikuwa na shamba, duka au cheo cha kulinda. Wengine baba yao alikuwa ameuawa. Wengine chifu aliandika majina yao na ikawa basi. Na wako wengi waliokuwa wamekula kiapo kabla ya kuvaa kitambaa cha homugadi mkononi. Mtu wa namna hiyo alisimama juu ya mnara wa ngome, akijua kwamba anayenyemelea kule gizani huenda ni yule aliyelala naye chini siku za jando. Kuna waliolenga pembeni makusudi. Kuna waliopitisha risasi na chakula kwenda msituni. Na kuna waliolenga sawasawa, tusidanganyane.

Lari ndiyo mfano unaouma zaidi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji walishambulia boma za machifu na homugadi huko, wakachoma nyumba watu wakiwa ndani. Zaidi ya 70 walikufa, wengi wanawake na watoto. Magazeti ya wakati huo yaliujaza ulimwengu picha za Lari. Ambacho hayakupiga picha ni kilichofuata: polisi, askari na homugadi wakaingia vijijini kulipiza, na waliouawa katika kisasi hicho walikuwa wengi kuliko wa usiku ule wa kwanza.

Lakini mbona Lari hasa? Turudi nyuma kidogo. Karibu mwaka wa 1940 serikali iliwahamisha Wakikuyu kutoka Tigoni, kwa sababu ardhi yao ilikuwa imezungukwa na mashamba ya wazungu. Waliokubali walipewa ardhi Lari. Waliokataa walibaki bila kitu, na walikuwapo wengine waliosema ardhi hiyo ya Lari ni yao tangu zamani. Kwa hiyo walioshika panga usiku ule walikuwa wanawajua waliokuwa ndani ya nyumba. Walijua nani ana shamba gani na alilipataje. Mzungu aliyekata ramani ile alikuwa mbali sana na moto.

Ona basi jinsi serikali ya kikoloni ilivyoutumia ujirani huo kama silaha. Tarehe 24 Aprili 1954, katika msako wa Nairobi uliopewa jina Anvil, wanaume walipangwa mistari na kupitishwa mbele ya watu waliofunikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Gakunia. Kichwa kikitikisika hivi unaachiliwa, kikitikisika vile unapakiwa lori. Msako huo peke yake ulipeleka kambini zaidi ya watu 20,000. Uchawi wa gunia ulikuwa rahisi: aliye ndani alihitaji kukujua. Mgeni hangefaa kazi hiyo. Kwa hiyo kila aliyerudi kutoka kambini miaka mitano baadaye alirudi akijiuliza ni macho ya nani yale.

Kuliko yote, mimi nadhani kilichowavunja watu ni magenge bandia. Mpiganaji akikamatwa aliwekwa mbele ya mambo mawili: kitanzi cha Kamiti, au arudi msituni na nywele zake ndefu na koti lake la ngozi, ajifanye bado ni mpiganaji, awaongoze askari hadi kwa wenzake. Hakupewa wiki ya kufikiria. Afisa mmoja wa jeshi la Uingereza aliyefanya kazi hiyo Kiambu, Frank Kitson, aliandika kitabu kizima kuihusu mwaka wa 1960, na mbinu zake zilisomwa na majeshi ya nchi nyingine. Polisi Ian Henderson, aliyekulia hapa na kukijua Kikuyu vizuri, ndiye aliyewatumia wapiganaji waliogeuzwa kumwinda Dedan Kimathi mwaka wa 1956. Watu waliomfuata Kimathi kule juu walikuwa wameshiriki naye chakula na maombi. Walijua anavyotembea, anapochota maji, anavyoficha nyayo zake. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957. Henderson alipewa nishani, akafukuzwa nchini 1964, akaenda kusimamia usalama wa Bahrain kwa miaka mingi.

Waliogeuzwa je? Hao walibaki hapa hapa. Walirudi kijijini, wakaoa, wakakaa kanisani benchi moja na wajane.

Mtu atauliza: kwa hiyo unasema wote walikuwa sawa, tusahau? La. Kulazimishwa hakulingani kwa kila mtu, na hata aliyelazimishwa kushika bunduki hakulazimishwa kubaka wala kumpora jirani ng'ombe wake, mambo ambayo homugadi walifanya sana hadi wazungu wenyewe wakalalamika ndani ya serikali. Tarehe 18 Januari 1955 gavana alitangaza msamaha wa pande mbili. Watu wa msituni wakijisalimisha hawatanyongwa kwa waliyotenda. Na homugadi hawatashtakiwa kwa waliyotenda. Wengi wanaikumbuka sehemu ya kwanza tu.

Sasa twende kwa jambo ambalo hao wanaorushiana tusi jukwaani hawaligusi kamwe. Ardhi.

Kuanzia Juni 1954 watu zaidi ya milioni moja walitolewa kwenye maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Wanaume wengi walikuwa Manyani, Mwea, Hola na kambi nyingine. Ni katika miaka hiyo hiyo, mwenye shamba yuko ndani ya seng'enge, ambapo serikali iliharakisha kupima ardhi, kuunganisha vipande vidogo vidogo na kuandika hatimiliki. Mpango wenyewe uliitwa wa Swynnerton, wa 1954. Kwenye karatasi ni mpango mzuri wa kilimo. Lakini kipande cha nani kiko wapi kiliamuliwa na kamati za wazee wa pale, na wazee waliokuwa huru kukaa kwenye kamati wakati huo unawajua. Aliyekuwa kizuizini alisemewa na mkewe au na ndugu yake, au hakusemewa na mtu.

Pia kulikuwa na cheti cha uaminifu. Mwenye nacho alisafiri, alipata nafasi ya kupanda kahawa, na mwaka wa 1957 alipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika. Wakikuyu, Waembu na Wameru wasiokuwa na cheti hawakupiga. Kwa hiyo wawili wa rika moja walitoka vitani hivi: mmoja ana hati, kahawa, kura na mtoto shuleni. Mwingine anashuka lori akiwa na blanketi, anaonyeshwa ploti ya kijijini, anaambiwa shamba la baba yake limepimwa kwa jina jingine.

Unajiuliza, kwa nini hakwenda kortini? Kesi za ardhi katika maeneo hayo zilisimamishwa kwa sheria ili upimaji usicheleweshwe. Na baada ya hapo kuna kifungu ambacho kila mtoto wa Kenya angepaswa kukijua: kifungu cha 143 cha sheria ya usajili wa ardhi ya 1963, ile Sura ya 300. Kilisema mahakama inaweza kurekebisha rejista kama usajili ulipatikana kwa udanganyifu, isipokuwa ule usajili wa kwanza. Soma tena. Hata kama mtu alidanganya, akiwa ndiye wa kwanza kuandikwa, basi. Hiyo haikuwa sheria ya mkoloni aliyekwisha kuondoka. Ilibaki kwenye vitabu vyetu, chini ya bendera yetu, hadi 2012.

Uingereza ilikubali kulipa mwaka wa 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa. Fedha hizo zilikuwa za mateso. Shamba halikuwamo.

Kilichobaki kiko mahakamani, polepole. Kwa miaka mingi majaji walitafuta njia ya kuzunguka kile kifungu cha usajili wa kwanza kwa kusema kwamba aliyeandikwa aliishika ardhi kama amana ya ukoo. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, ilithibitisha kwamba amana ya kimila inaweza kumfunga hata aliyesajiliwa wa kwanza. Ila lazima uithibitishe: nani aliishi pale, nani alizikwa pale, mpaka ulipita wapi. Na mashahidi wa mambo ya 1956 sasa wana miaka tisini na kitu, wale waliobaki, wa pande zote mbili.