Kumtayarisha Mtoto wa Visiwani kwa Mwaka wa Kwanza wa Shule: Kutoka Chuoni hata Gredi ya Kwanza



Mara nyingi husemwa katika mabaraza, na hata katika mikutano ya wazazi, kwamba mtoto wa visiwa vyetu huingia shule hali hajatayarishwa. Maneno haya yamerudiwa hata sisi wenyewe tumeanza kuyasadiki. Yafaa basi tuitazame historia, maana historia haikubaliani nayo. Watoto wa Amu, Shela, Matondoni, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini wametayarishwa kwa masomo tangu karne nyingi. Kilichobadilika si bidii ya wazazi, bali ni shule ambayo mtoto anatayarishiwa. Na mabadiliko hayo yalikuja pasipo mtu kumweleza mzazi ni kipi akishike na ni kipi akiongeze.

Mafunzo ya kwanza yalikuwa ya nyumbani. Bibi alipomtegea mjukuu kitendawili, au alipomhadithia ngano na kumtaka airudie kesho yake, alikuwa akimzoeza kusikiliza, kukumbuka na kusema kwa mpango. Msichana aliyekaa karibu na mama yake akisuka ukili alijifunza kuhesabu miyaa, kwa kuwa mmoja ukizidi au ukipungua ukili huharibika. Mvulana aliyekwenda gatini alisikia boriti za mikoko zikihesabiwa kwa korija, akajua kuwa korija ni ishirini kabla hajaona kitabu cha hesabu. Wala isidhaniwe kwamba elimu ya wino ilikuwa ya wanaume peke yao. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Na utenzi huo ungali wasomwa mpaka leo. Katika nyumba kama hiyo mama ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza.

Baada ya nyumba kilifuata chuo. Umri wa kuingia ulikadiriwa na mzazi, na kwa kawaida ulikuwa kiasi cha miaka sita au saba, ingawa wengine walipelekwa wadogo zaidi ili wazoee. Baba alimchukua mtoto kwa mwalimu, akamkabidhi kwa maneno ya heshima, na tangu siku ile mwalimu akawa kama mzazi wa pili. Mtoto alianza na herufi, alifu kwa kijiti, kisha irabu, kisha kuunganisha; halafu akaingia katika sura fupi za mwisho wa Kurani, akipanda kidogo kidogo kuelekea sura ndefu. Aliandikiwa ubaoni, akasoma mpaka akahifadhi, ndipo ubao ukaoshwa na somo jipya likaandikwa. Mwalimu hakuwa na mshahara wa serikali. Aliishi kwa ada ndogo za wanafunzi, kwa sadaka, na kwa zawadi iliyotolewa mtoto alipohitimu. Gharama yote ya matayarisho ilibebwa na mji wenyewe.

Jambo moja la chuo lastahili kuangaliwa sana. Chuoni hapakuwa na mwaka wa kwanza. Mtoto aliingia mwezi wowote, akaenda kwa mwendo wake. Mkubwa alimsikiliza mdogo, na mwepesi hakumngojea mzito. Hapakuwa na mtoto aliyeambiwa kuwa amechelewa, kwa sababu hapakuwa na msafara wa kuuachwa.

Visiwa hivi vilijulikana mbali kwa masomo yake. Siyu ilisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanavyuoni wake na kwa Kurani zilizonakiliwa na kupambwa kwa mkono. Hapa Amu, Muhamadi Kijuma alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mshairi na mchongaji pia. Hata hivyo tusiipambe kale kupita kiasi. Fimbo ilitumika mno. Watoto wengi walihifadhi wasiyoyafahamu. Na kwa muda mrefu mlango wa elimu ya juu haukuwa wazi kwa kila mtu; wana wa watumwa na wa watu wanyonge waliwekwa kando. Ndiyo sababu jina la Habib Saleh, Sharifu aliyetoka Ngazija, latajwa kwa heshima. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Langoni, yeye na wanafunzi wake waliujenga Msikiti wa Riyadha, akawafundisha wale ambao wengine hawakutaka kukaa nao. Aliwafundisha wazee wetu kwamba matayarisho ya mtoto si mali ya nasaba.

Shule ya serikali ilikuja kwa njia nyingine. Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki mwaka 1895, na mwaka 1912 ikafungua shule kwa watoto wa Kiarabu huko Mombasa. Baadaye shule za namna hiyo zikafika na huku kwetu. Wazazi wengi walisitasita. Hawakuogopa elimu, maana elimu walikuwa nayo. Waliogopa shule isiyokuwa na Kurani ndani yake. Mambo yalikuwa hivyo hivyo Unguja, ambako shule za mashamba zilipata kuaminiwa zaidi baada ya masomo ya Kurani kuingizwa humo.

Mtoto aliyetoka chuoni akaingia shule alikutana na mageuzi matatu siku ya kwanza. La kwanza ni maandishi: jicho lililozoea kutoka kulia kwenda kushoto lilitakiwa litoke kushoto kwenda kulia, na herufi alizozijua zikahesabiwa kuwa si kitu. La pili ni mwendo: watoto wote walianza siku moja, wakapanda pamoja, na aliyebaki nyuma akaonekana mjinga. La tatu ni lugha. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu. Uamuzi ule ulileta manufaa mengi kwa nchi zetu zote, hilo hatulikani. Lakini mtoto wa Amu aliyesema kitwa, nti na ndia, maneno yaliyotumiwa na washairi wake kwa karne nyingi, alisahihishwa kama mtu aliyekosea, akatakiwa aseme kichwa, nchi na njia. Mtoto wa miaka saba asahihishwapo katika kila neno hujifunza jambo moja upesi kuliko yote, nalo ni kunyamaza.

Basi akanyamaza, na mwalimu mgeni akaandika kuwa hajatayarishwa. Hapo ndipo yalipoanzia yale maneno tuliyoyataja mwanzo.

Baada ya Uhuru wa 1963 mambo yalikwenda mbio. Tume ya Ominde ya 1964 ilitaka elimu ya taifa zima iwe moja. Mwaka 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza, na mwaka 2003 elimu ya msingi yote ikawa bila karo, watoto wakamiminika shuleni. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilishauri kwamba madarasa ya chini yafundishe kwa lugha ya mahali mtoto alipo, na ushauri huo wastahili kukumbukwa katika visiwa vyetu.

Jaribio lililotufaa zaidi sisi watu wa pwani lilianza Mombasa mwaka 1986. Viongozi wa Kiislamu waliona watoto wao wakibaki nyuma, wakaomba msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Na Bi Swafiya Said, mwalimu wa huko, akaongoza kazi ya kuanzisha shule za chekechea zilizounganisha mafunzo ya dini na matayarisho ya shule. Wanawake wa mitaa walifundishwa ualimu, na vifaa vikatengenezwa kwa vitu vilivyopatikana karibu, kama vifuu na makombe ya pwani. Kazi ile ilifika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Ilionyesha kwa vitendo kwamba mtoto halazimiki kuacha cha kwake ili apate cha shule.

Leo sheria imekaa wazi. Katiba ya 2010 imempa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na imeiweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Kwa mtaala ulioanza nchini kote mwaka 2019, mtoto hukaa miaka miwili katika madarasa ya awali, akiwa na miaka minne na mitano, kisha huingia Gredi ya Kwanza akiwa na sita. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Lakini sheria haimfikii mtoto kwa miguu yake yenyewe. Katika wadi ya Basuba, huko bara, shule zilifungwa miaka kadhaa kwa sababu ya hatari zilizoanza 2014, na kuna watoto ambao mwaka wao wa kwanza ulipita bila mwalimu.

Ndugu wanachama, tunajifunza nini? Kwanza, mtoto wetu asiitwe mtupu. Mwenye kujua sura kumi kwa moyo ana kumbukumbu. Mwenye kuhesabu miyaa ana hesabu. Mwenye kutega kitendawili ana lugha. Kazi iliyobaki ni kumwonyesha kuwa vitu hivyo vyafaa na shuleni. Pili, mzazi asimkemee mtoto kwa kusema Kiamu au Kitikuu. Amwambie kwamba nyumbani twasema hivi na kitabuni huandikwa vile, na yote mawili ni maneno ya watu. Tatu, mwalimu wa chuo na mwalimu wa chekechea wajuane, wapatane juu ya saa, ili mtoto wa miaka minne asichoshwe asubuhi na jioni. Nne, mtoto aingie darasa la awali mapema, wala asingojewe mpaka Januari ya Gredi ya Kwanza, maana msafara wa siku hizi haumngojei mtu.

Wazee wetu waligharimia ubao, wino na mwalimu kwa mikono yao, kabla ya serikali kujua njia ya kufika hapa. Ingekuwa aibu kwetu, tulio na haki zilizoandikwa katika Katiba, kufanya pungufu ya hayo. Kila mwanachama na atazame mtaani kwake kabla ya mwaka mpya wa shule: ni mtoto gani ametimiza miaka minne, na nani atamshika mkono?